Shanga za bibi haziuzwi!

Nimepotea siku nyingi, kazi zimenibana, lakini mimi mzima hapa karibu na Venisi.

Jumapili nilivuka kwenda Murano, kisiwa ambako tanuri za kioo zilihamishiwa mwaka 1291 kwa kuogopa moto mjini. Nilinunua ushanga wa maua. Fundi huunganisha vijiti vya kioo cha rangi, huvipasha moto vishikane, huvuta mpaka viwe ufito mwembamba, kisha hukata. Kila kipande kina ua lile lile.

Usiku nikafunga lenzi ya makro. Jamani, si mchezo! Ukisogea hivyo, panapoonekana vizuri hapafiki hata milimita mbili, na taa ikitoka mbele kioo kinameta tu. Nikaweka kitambaa cheusi chini, taa ubavuni, nikabana pumzi. Hapo nikaona mpaka viputo vya hewa.

Kisha nikautoa ule ushanga mwekundu alionipa bibi siku naondoka. Kumbe kwenye tundu ni mweupe! Kioo chekundu kimevikwa juu ya cheupe, nacho kina viputo. Shanga za aina hiyo zilitengenezwa Venisi, na karne ya 19 zilipitia Zanzibar kwenda bara. Nimekaa huku miaka sita bila kujua.

Dada, yule mfanyabiashara anayezitaka zilizobaki mwambie asubiri mpaka nirudi. Yaani asubiri sana.

Nisalimieni wote. Picha nawatumia kesho, inshallah.