Ukuta Haukuanguka Siku Ile

Mwaka jana, usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba, mvua kubwa ilinyesha Kabambare tangu jioni. Mke wangu alikuwa mjamzito, nasi tulikuwa tumelala katika chumba cha nyuma. Saa tisa za usiku tulisikia kishindo, kisha baridi na maji vikaingia ndani na koroboi ikazimika. Kulipokucha tuliona ukuta mzima wa nyuma umelala uani. Uliangukia nje. Kama ungeangukia ndani, nisingekuwa na habari hii ya kuwaandikia.

Nyumba ile haikuwa nzee. Tulikuwa tumekaa ndani yake kwa miezi miwili tu.

Tulifunga ndoa Kasongo baada ya Pasaka, na muda mfupi baadaye nilipewa kazi ya kufundisha Kabambare. Nilitamani kumwingiza mke wangu katika nyumba yetu wenyewe, wala si katika chumba cha kupanga. Nililipata fundi mmoja aliyesifiwa na rafiki yangu. Nikapatana naye bei, nikaishusha, nikaishusha tena, hata nikamwona ananyamaza na kutazama chini. Nilirudi nyumbani nikifurahi kwamba nimeshinda. Hatukuandika kitu. Hatukuita shahidi. Nilimpa nusu ya malipo siku ile ile, kwa kuwa alisema kiangazi ni kifupi na wateja wengine wanamngoja.

Kazi ilianza Juni. Kila siku baada ya masomo nilipita kutazama. Sikuwa mjuzi wa ujenzi, lakini nilikuwa na macho. Niliona msingi umechimbwa kina cha goti tu, mahali penye udongo laini. Niliona matofali yanatolewa katika tanuru yakiwa na rangi ya udongo bado, wala si nyekundu. Niliona kwenye kona matofali yamepangwa bega kwa bega bila kuingiliana, kana kwamba kila ukuta unajitegemea. Siku moja nilimwambia, "Fundi, ukuta huu naona kama umeinama." Alicheka, akanijibu, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Plasta itaficha."

Nami nikanyamaza. Neno lile lilinistarehesha. Nilitaka kuamini kwamba plasta itaficha.

Mwishoni mwa Agosti alipokea sehemu iliyobaki ya fedha. Milango miwili ilikuwa haijawekwa, na upenu wa nyuma ulikuwa mfupi mno, hata maji ya paa yalikuwa yanashuka juu ya ukuta wenyewe. Aliahidi kurudi Jumatatu. Jumatatu ilipofika niliambiwa amekwenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kama wanavyokwenda wengi wa huku kwetu.

Asubuhi ile ya Oktoba nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Nilimwambia mke wangu kwamba nitamfuata fundi yule hadi Salamabila, nitamfungisha, na jina lake nitalitangaza mbele ya kanisa. Alinijibu neno moja tu: "Kwanza tutafute turubai."

Jirani yetu ni mzee Mwislamu, mwashi wa zamani ambaye macho yake yamepungua nguvu. Alikuja na timazi yake, kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, akaishusha kwenye kuta tatu zilizobaki. Mbili zilikuwa zimepinda. Akaokota matofali mawili uani, akayagonganisha. Yalitoa sauti ya kitu kilichokufa. Akaniambia, "Mwanangu, tofali lililoiva hulia kama kengele. Hili halikuiva. Ukuta huu haukuanguka jana. Ulianza kuanguka siku uliyojengwa, na wewe ulikuwapo."

Sikumjibu.

Jioni ya siku ile walikuja vijana watatu. Mmoja wao ninamfahamu vizuri, kwa kuwa anaimba katika kwaya ya vijana. Walisimama mlangoni wakiogopa. Nilidhani wamekuja kunipa pole, na kweli walinipa pole. Kisha yule wa kwaya akasema kwamba wao ndio waliofyatua matofali na kuyachoma, na kwamba hawajalipwa hata faranga moja. Fundi aliwaambia mwalimu hajamaliza deni lake. Niliwauliza kwa nini waliyatoa matofali katika tanuru kabla ya kuiva. Walisema kuni zilikwisha siku ya pili, na walipoomba nyingine waliambiwa bei ya mwalimu haitoshi kununua kuni.

Bei ya mwalimu! Ile niliyojisifu nayo.

Usiku ule, chini ya turubai, nilifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, mahali inapoeleza amri ya saba. Nilikuwa natafuta silaha ya kumpiga fundi, na niliipata. Katika namba 2409 Kanisa linahesabu kazi iliyofanywa vibaya pamoja na rushwa na kughushi. Basi, ukuta mbovu si bahati mbaya tu. Unaweza kuwa namna ya kuiba. Lakini namba ile ile, mistari michache kabla ya hapo, inataja pia kulipa ujira usio wa haki na kujifaidi kwa shida ya mwenzako. Nilifunga kitabu. Silaha ile ilikuwa na makali pande zote mbili.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kosa lake na langu ni sawa. Yeye alijua kwamba ukuta ule unaweza kuua, akaufunika kwa plasta. Aliwadanganya vijana wale, na Mtakatifu Yakobo katika sura ya 5 ya waraka wake anatuambia kwamba ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inamfikia Mungu. Lakini mimi nami nilitaka nyumba ambayo sikutaka kuilipia, na nilipoona kasoro nilichagua kutoona.

Fundi alirudi siku chache kabla ya Noeli. Sikumpeleka polisi. Niliwaomba wazee wa shirika letu wakae nasi, na jirani yangu mzee naye akaitwa kwa ajili ya ujuzi wake. Vijana watatu walikuwapo pia. Nilieleza yote. Fundi alisikiliza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa bei ile uliyonipa, ulitegemea nyumba gani?"

Watu wote walinyamaza. Mzee ndiye aliyejibu, akitutazama sisi wawili kwa zamu. Alisema kwamba lugha yetu hii ya Maniema iliitwa Kingwana tangu zamani, yaani lugha ya waungwana, lakini uungwana hauko kinywani. Fundi akiona bei haitoshi, hukataa kazi. Haikubali kisha akaipunja. Na mwenye nyumba akiona bei haitoshi, huongeza au hungoja. Hamkamui mwenzake kisha akashangaa. Muungwana ni vitendo.

Tulipatana hivi: yeye atajenga upya ukuta wa nyuma na kufunga kona zote kwa mikono yake bila malipo, mimi nitanunua matofali yaliyoiva na kuni za haki, na kabla ya yote, vijana watalipwa. Katekista aliandika, sote tukatia sahihi.

Ningependa kuwaambia kwamba kila kitu kilitimizwa. Haikuwa hivyo. Ukuta ulijengwa, na mzee aliupima kwa timazi kila asubuhi. Kona zimefungwa. Milango miwili niliiweka mwenyewe. Vijana wawili wamelipwa. Wa tatu, yule wa kwaya, alilipwa nusu, na nusu nyingine fundi anadaiwa hadi leo. Tukikutana njiani tunasalimiana, namkumbusha, naye hushuka kwenye baiskeli yake na kunisikiliza. Binti yetu alizaliwa katika chumba kile cha nyuma, na siku ya ubatizo fundi alikuja akala nasi.

Wengine wameniuliza: ikiwa umemsamehe, kwa nini unaendelea kumdai kwa ajili ya kijana? Nawajibu kwamba Zakayo, tunayemsoma katika Luka sura ya 19, hakuishia kwenye furaha ya kumpokea Yesu nyumbani mwake. Aliahidi mbele ya watu kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ndiyo maana Katekisimu, katika namba 2412, inamtaja anapofundisha kwamba dhuluma hairekebishwi bila kurudisha. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni mwangu. Deni la mtu wa tatu si langu nilifute.

Vijana wapendwa, wengi wenu mtafunga ndoa na kujenga karibuni. Msiharakishwe na kiangazi. Andikeni mapatano, hata katika karatasi ya daftari, na muwe na shahidi. Lipeni kwa hatua: msingi, kuta, paa, na kila hatua ikaguliwe kabla ya malipo yake. Gonganisheni matofali na kuyasikiliza. Loweka moja katika ndoo ya maji usiku kucha. Likiyeyuka, tanuru halikufanya kazi yake. Zaidi ya hayo, ulizeni wale wanaobeba na kufyatua kama wamelipwa. Swali hilo peke yake lingeniokolea ukuta.

Na ninyi mnaojifunza uashi na useremala, kumbukeni kwamba mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili hazituandikii hata neno moja alilosema Yosefu, lakini zinatuambia kwamba Yesu alijulikana kuwa mwana wa seremala. Kazi ya baba ilikuwa sehemu ya jina la mwana. Kazi yenu nayo itakuwa sehemu ya jina la watoto wenu.

Plasta haifichi. Inachelewesha tu.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Ni lini niliona kasoro katika kazi nikanyamaza kwa sababu ukweli ungenigharimu?

2. Je, kuna mtu aliyefanya kazi kwangu au kwa wazazi wangu ambaye hajalipwa haki yake? Nitafanya nini kabla ya mwisho wa juma hili?

3. Kusamehe na kudai haki vinawezaje kukaa pamoja katika parokia yetu?

Tuombe: Ee Mungu Baba, uliyemkabidhi Mwanao mikononi mwa fundi mwaminifu, utupe mikono inayofanya kazi vema hata mahali ambapo jicho la mtu halifiki, na macho yasiyogeuka pembeni. Utulinde sisi na wote wanaolala chini ya paa tulizojenga. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.