Pikipiki ya Sajini wa Namakwekwe

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo husemwa sana arusini na katika mabaraza ya wazee, lakini ni nadra kuusikia ukisemwa juu ya chombo cha chuma chenye magurudumu mawili na chenye kutoa moshi. Hata hivyo, huko Namakwekwe, katika mji wa Mbale, yupo sajini mstaafu wa polisi ambaye ameuishi usia huo kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Mambo yaliyompata yafaa kusimuliwa katika kila nyumba ya askari, kwani nyumba nyingi za askari zina kitu cha kale ambacho baba hataki kukitupa na mama hajui pa kukiweka.

Kitu chake ni pikipiki aina ya Yamaha, yenye injini ndogo ya mipigo miwili. Vijana wa leo, waliokua wakati barabara zimejaa pikipiki za Bajaj Boxer, huenda hawajui tofauti iliyopo. Injini ya Boxer ni ya mipigo minne: pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja, na njia za hewa na za moshi hufunguliwa na kufungwa na vali juu ya silinda. Injini ya mipigo miwili haina vali hizo. Moto huwaka kila mara pistoni ifikapo juu, na moshi hutoka kwa tundu lililotobolewa ubavuni mwa silinda. Kwa hiyo vyombo viendavyo ndani yake ni vichache mno. Injini ni nyepesi, ina nguvu kupita umbo lake, na mtu mwenye spana chache aweza kuifungua kichwa chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya jua kuchwa.

Injini za namna hiyo si za jana. Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini yake ya mipigo miwili mwaka 1881. Baadaye Wajerumani wa kiwanda cha DKW waliunda pikipiki ndogo iitwayo RT 125, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili iliigwa katika Uingereza, Marekani, Urusi na Japani. Pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata kielelezo hicho hicho. Wenye Yamaha walikuwa watengenezaji wa ala za muziki, na alama yao mpaka leo ni uma tatu za kupimia sauti. Sajini aliposikia habari hiyo alicheka, akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini pikipiki yake hutengenezwa kwa masikio kuliko kwa macho.

Aliipata mapema mwaka 1987, wakati huo akiwa konstebo kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Fedha za kuinunulia zilikuwa akiba ya miaka minne, zimefungwa katika kitambaa na kuwekwa chini ya sanduku, na mkewe alikuwa amekwisha kuzipangia kazi. Yeye alitaka mabati. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na kila mvua iliponyesha sufuria zilitawanywa sakafuni kukinga maji. Konstebo aliagizwa Jinja akatafute mabati ya bei nafuu. Alirudi jioni ya siku ya pili, akipitia Iganga, Bugiri na Tororo, amepanda pikipiki iliyokwisha kutumika, uso mwekundu kwa vumbi na meno meupe kwa furaha. Mkewe aliitazama, akamtazama na yeye, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Usiku huo konstebo alikula kwa jirani.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo Serikali ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na katika kubadilisha, asilimia 30 ikakatwa. Watu wengi waliokuwa wameweka noti chini ya masanduku waliumia sana. Konstebo aliona hapo ndipo pa kujitetea. Alimwambia mkewe kwamba laiti zile fedha zingalikuwa bado katika kitambaa, karibu theluthi yake ingalipotea.

"Ni kweli, Baba Watoto," mkewe alimjibu. "Lakini hata mabati yangaliziokoa. Tena mabati hayanywi petroli."

Neno hilo halikuwa na jibu, na Sajini hajalipatia jibu hata leo. Ilimlazimu kuifanya pikipiki istahili mabati. Kituo chake cha kazi kilikuwa upande wa mlimani, karibu na Kapchorwa, na wakati huo barabara ya kupitia Sironko na Muyembe hadi Sipi ilikuwa ya vumbi wakati wa jua na ya matope wakati wa mvua. Mwisho wa kila juma alipopata ruhusa, alishuka na mzigo wa viazi au kabichi alizonunua kwa bei ya mlimani, mkewe akaziuza sokoni kwa bei ya mjini. Baada ya miaka miwili mabati yalinunuliwa. Yaliletwa kwa gari, lakini yalilipiwa na pikipiki.

Mapema katika safari hizo pampu ya mafuta iliharibika. Pampu hiyo ndiyo iliyochota mafuta ya injini katika tangi lake dogo na kuyapeleka ndani, kwa kuwa injini ya mipigo miwili haina mafuta yanayozunguka chini kama ya gari. Huyachoma yale yale yanayoilainisha. Spea haikupatikana. Fundi akaiziba pampu, akamwambia konstebo: "Afande, kuanzia leo wewe mwenyewe ndiye pampu." Akamfundisha kipimo: chupa moja ya soda ya mililita 300 ijae mafuta, imiminwe katika lita sita za petroli, itikiswe vizuri. Hiyo ni sehemu moja kwa sehemu ishirini. Yakizidi, plagi huziba kwa masizi na pikipiki hukohoa njiani. Yakipungua, pistoni hupata joto, hutanuka, hung'ang'ania silinda, na gurudumu la nyuma hukwama ghafla.

Hatari kubwa ilikuwa katika kuteremka. Mteremko wa kutoka Sipi ni mrefu, na dereva asiyejua hufunga petroli akaacha gari la moshi hilo liteleze lenyewe. Lakini petroli ikifungwa, na mafuta yaliyochanganywa ndani yake hayaingii. Injini inazunguka kwa kasi huku koo lake ni kavu. Kwa hiyo konstebo alijizoeza kushika klachi na kufungua petroli kidogo kidogo katika mteremko, kama mtu ampaye mgonjwa maji kwa kijiko, na breki akazikagua kila asubuhi, maana injini ya aina hiyo haisaidii sana kupunguza mwendo. Aliwahi kusema kwamba jeshi la polisi lilimfundisha kutii amri, bali pikipiki ndiyo iliyomfundisha kusikiliza.

Usiku mmoja wa mvua mwaka 1990 mkewe alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Gari halikuwapo, na jirani mwenye gari alikuwa safarini. Konstebo aliipiga pikipiki teke moja tu, ikawaka. Walikwenda polepole hadi hospitali, mke ameshika mabega ya mumewe, mama jirani akifuata kwa miguu na mwavuli. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya alfajiri. Tangu siku hiyo mama huyo hakuitaja tena habari ya petroli, ingawa aliendelea na kesi nyingine, nayo ilikuwa ya sigiri.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa sababu mafuta huchomwa pamoja na petroli, masizi hujaa ndani ya bomba la moshi, na pikipiki hukosa nguvu kama mtu mwenye mafua. Dawa yake ni kuchomoa kibomba cha ndani na kukitia katika makaa hadi kiwe chekundu, masizi yapate kuungua na kupukutika. Makaa mazuri yalikuwa katika sigiri ya mama, wakati wa kupika chakula cha jioni. Alipomkuta mumewe amelaza bomba mahali pa sufuria, aliapa kwamba siku nyingine vyote viwili, bomba na mwenye bomba, vitalala nje. Tangu hapo kazi hiyo ilifanywa kwa siri, mama akiwa kanisani.

Miaka ikapita. Konstebo akawa koplo, kisha sajini, kisha akastaafu. Yule mtoto wa usiku wa mvua naye akavaa sare, akapangiwa kazi Moroto. Barabarani, mlio mkali wa mipigo miwili ulizidi kupungua. Ni lazima kusema kweli: haukupungua kwa hila. Injini hizo huchoma mafuta, na sehemu ya petroli hutoka nje na moshi kabla haijaungua. Kwa hiyo hula petroli nyingi zaidi na kuchafua hewa wanayoivuta watoto wetu. Sajini hakatai. Asemapo kwamba za zamani zilikuwa bora, husema juu ya mikono ya watu, si juu ya moshi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha katika milima, na mito Nabuyonga na Namatala ikafurika. Watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha, na nyumba, maduka na mashamba yakaharibika. Pikipiki ya Sajini ilikuwa kwa fundi, katika kibanda kilichokuwa karibu na mto, kabureta imefunguliwa. Kwa siku mbili Sajini hakuikumbuka. Alikuwa pamoja na majirani wakitafuta watu, na mzoea kazi hastaafu. Siku ya tatu aliposimama mbele ya kibanda na kuona usukani tu umechomoza katika matope, alishikwa na huzuni, kisha akashikwa na haya kwa ajili ya huzuni yake. Nyumba za jirani zilikuwa na matanga. Je, yeye alie kwa ajili ya chuma?

Walipoifukua, maji na mchanga vilikuwa vimeingia mpaka ndani ya injini. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake. Mwana akapiga simu kutoka Moroto, kwa heshima na kwa nia njema:

"Mzee, iuze kwa kilo. Mimi nitaongeza, tununue Boxer mpya. Hata spea zake zinapatikana kila duka."

Sajini aliona maneno hayo yana busara. Alimwambia mnunuzi arudi asubuhi. Lakini asubuhi mnunuzi alipobisha hodi, aliyetoka nje hakuwa Sajini. Alikuwa mkewe, yule yule aliyefunga mlango mwaka 1987. Alimsalimu vizuri, akampa kiti, kisha akamwambia kwamba pikipiki ile haiuzwi kwa kilo, kwa maana hakuna mizani ya kupimia kilichomo ndani yake. Mnunuzi akaenda zake. Sajini, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya dirisha, hakuweza kusema neno.

Matengenezo yalichukua miezi mingi, kwa kuwa yalifuata pensheni. Injini ilipasuliwa nusu mbili, ikaoshwa kwa dizeli mara tatu mpaka mchanga ukaisha. Beringi zilikuwa zimeshika kutu, zikabadilishwa. Ringi za pistoni zilipatikana Jinja kwa muuza spea mzee, zikiwa bado katika karatasi yake ya nta. Gasketi ya ubavuni ilikatwa kutoka katika boksi la sabuni. Aliyeikata alikuwa mjukuu wa kike, mwanafunzi wa sekondari, ambaye vidole vyake ni vyembamba kuliko vya fundi. Naye ndiye aliyekabidhiwa chupa ya soda.

"Babu, kwa nini tusikadirie tu kwa macho?" aliuliza.

"Macho yanapenda kujionea huruma, mjukuu wangu," alijibu babu. "Chupa haimpendelei mtu."

Hapo ndipo lilipo funzo kwa kila familia. Si lazima kila nyumba itunze pikipiki ya kale, na hakuna aliye na haki ya kulijaza moshi jiji zima kwa ajili ya kumbukumbu zake. Sajini mwenyewe huiendesha mara moja kwa juma tu, kofia ngumu kichwani, si mbali na nyumbani. Safari za kazi hupanda bodaboda kama watu wote. Lakini chombo ambacho mtu anakifahamu ndani na nje humfunza kupima, kusubiri na kusikia kasoro kabla haijawa ajali. Mafunzo hayo hayauzwi pamoja na chombo kipya. Yapasa yakabidhiwe kwa mkono, na mkono wa mzee haungoji milele.

Siku ya kuiwasha, Jumamosi, ilibakia kazi moja. Kibomba cha ndani cha ekzosti kilikuwa kimejaa matope yaliyokauka na masizi ya miaka. Sajini alikishika mkononi, akatazama huku na huku, akitafuta kuni za kuwasha moto nyuma ya nyumba. Mkewe alitoka jikoni akiwa amebeba sigiri, makaa yamekwisha kuwa mekundu. Aliiweka katikati ya uwanja, mbele ya mumewe, akaifuta mikono yake kwa kanga.

"Fanya upesi, Baba Watoto," alisema. "Maharage yananingoja."