Deni la Gojira

Ndugu wawili, Joe na Mario Duplantier, walikulia Ondres, mji mdogo wa pwani kusini magharibi mwa Ufaransa, mbali na Paris na studio zake. Mwaka 1996 walianzisha bendi ya roki nzito ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Gojira. Walimu wao walikuwa kaseti na sidii: Metallica na Death kutoka Marekani, na Sepultura kutoka Belo Horizonte, Brazil.

Hawajawahi kuwaficha walimu hao, na hilo ndilo linalonifanya niwaheshimu. Katika uandishi nimewaona watu wenye kipaji kikubwa wakificha vitabu walivyojifunzia, kana kwamba kumtaja mwalimu kunampunguzia mtu sifa. Sivyo. Anayejua alichochukua ndiye anayejua pia cha kwake ni kipi. Sikiliza wimbo "Flying Whales" wa mwaka 2005. Unaanza na milio ya nyangumi, gitaa linaingia polepole, halafu miguu ya Mario inaangukia pedali mbili za ngoma kubwa hadi kifua cha msikilizaji kinatetema. Uzito ule wameurithi. Bahari ni ya kwao, bahari ya utotoni.

Na deni wamelilipa. Mwaka 2008 Joe alipiga gitaa la besi katika albamu ya kwanza ya Cavalera Conspiracy, bendi ya ndugu wawili walioianzisha Sepultura. Mwanafunzi akarekodi pamoja na walimu wake. Mwaka 2021 Gojira wakatoa "Amazonia", wimbo ambao yeyote aliyeisikia Sepultura ataitambua humo ndani, tena bila aibu. Wakauambatanisha na mnada wa vifaa vya wanamuziki, zikapatikana zaidi ya dola 300,000 kwa ajili ya APIB, muungano wa wenyeji wa asili wa Brazil. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko hata ile ya Julai 26, 2024, walipopiga kwenye kuta za jengo la Conciergerie wakati wa ufunguzi wa Olimpiki ya Paris.

Ukitaka kuwafahamu, usianze nao. Anza na "Roots", albamu ya Sepultura ya mwaka 1996 ambayo sehemu yake ilirekodiwa kwa kushirikiana na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazil, kisha ndipo usikilize "Amazonia".