Maradhi Yalivyotuingiza Katika Ualimu wa Lishe

 

Wenzetu, ukiwauliza waalimu wengi wa lishe walianzaje kazi yao, wachache watakutajia chuo kwanza. Wengi watakutajia mgonjwa: mtoto aliyekuwa hanenepi, mama aliyevimba miguu, au wao wenyewe walipokuwa wamelala kitandani. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyeuguzwa na chakula naye huanza kukitazama chakula kwa jicho jingine, na baada ya muda majirani huja kumuuliza anaona nini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, mawifi watatu wa nyumba moja hapa Kabati.

Kwa wasioijua, Kabati ni soko la Kitui Magharibi, kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Kitui mjini. Wazee wa waume zetu walipanda huku kutoka Mombasa na biashara ya nguo. Njia hiyo si ngeni: Wakamba walikuwa wakiteremsha pembe Mombasa zamani, na mwaka 1849 Kivoi, tajiri mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea Krapf alipofika Ukambani. Wazee wetu walipokuja na majora ya nguo walikuja na jiko lao pia. Nazi tulikuwa tukiletewa kwa basi. Asubuhi ni mahamri na chai ya sukari nyingi, adhuhuri ni wali wa nazi, na usiku ni wali uliobaki au chapati. Nje ya ua wetu majirani walikuwa wakila mbaazi, kunde, pojo, mtama na mawele, nasi tukiviona ni vyakula vya shamba, visivyofaa kumwekea mgeni.

Kisha mavyaa wetu akaanza kuugua. Kiu haikuisha, usiku haukumpa usingizi kwa kwenda haja ndogo, macho yakamfifia hata akashindwa kusoma msahafu wake, na kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Alipopimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ya damu ilikuwa 17, na kipimo cha 7 ndicho mpaka ambapo madaktari husema huyu ana kisukari. Alipewa dawa na akaambiwa apunguze wanga. Basi. Hakuna aliyetueleza wanga ni nini, uko katika sahani gani, na mtu aliyezoea wali miaka sitini atashiba kwa kitu gani. Tulirudi nyumbani na vidonge mkononi na woga moyoni, kwa maana tulikuwa tumewaona wazee wawili wa ukoo huu wakikatwa miguu.

Aliyetuonyesha njia alikuwa jirani yetu, bibi wa Kikamba ambaye watoto wote wa mtaa humwita Susu. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaiona sahani ya wali kando ya kitanda. Hakutulaumu. Kesho yake alileta bakuli la pojo, kunde mbichi zilizofungwa kwa kamba, na unga wa mawele wa kinu. Akaketi jikoni akatufundisha. Alitueleza kwamba isyo, yaani mahindi mazima yaliyopikwa na maharagwe, humtosha mtu tangu adhuhuri mpaka jioni. Muthokoi ni mlaini na mtamu zaidi, lakini yale mahindi yametwangwa mpaka ganda limeondoka. Baadaye muuguzi mmoja mwenye subira alitufafanulia sababu: ganda la nafaka lina ufumwele, na ufumwele hufanya sukari iingie katika damu polepole badala ya kufurika kwa pamoja. Jamii ya kunde nazo zina ufumwele na protini pamoja. Yale aliyoyajua Susu kwa mazoea yakawa na maelezo yake.

Hatukumnyima mavyaa wetu chakula cha kwao, kwa sababu mzee akinyimwa ladha ya nyumbani huona amekwisha kuzikwa. Tuliugeuza uwiano wa sahani. Nusu ikawa mboga: mchicha, majani ya kunde, mnavu, bamia. Robo ikawa mbaazi, pojo, samaki au kuku. Robo iliyobaki ikawa wali, au sima ya unga usiokobolewa. Tui la nazi likawa jepesi, na mbaazi za nazi zikaliwa bila mahamri. Chai ikapunguzwa sukari kijiko baada ya kijiko kwa muda wa wiki nyingi, mpaka iliyobaki ni iliki na tangawizi. Baada ya alasiri akatembea na mjukuu wake hadi msikitini na kurudi. Vidonge hakuviacha hata siku moja. Miezi saba ilipopita, kipimo cha asubuhi kilikuwa kati ya 6 na 8, kidonda kilikuwa kimefunga, na alikuwa amerudi kwenye msahafu wake. Alhamdulillahi.

Habari kama hiyo haikai ndani ya ua. Wanawake walianza kuja mmoja mmoja, wa Kiislamu na wasio Waislamu, kila mmoja na maradhi yake: shinikizo la damu, upungufu wa damu kwa mja mzito, mtoto aliyechelewa kusimama. Tukaona heri tuwakusanye Jumapili baada ya alasiri barazani kwetu, tupike pamoja na tuzungumze. Hatukuwa na cheti. Tulikuwa na sufuria, na mgonjwa aliyepata nafuu.

Tulipoanza kutafuta waliotutangulia, tuliona kwamba hapa Afrika Mashariki jambo hili lina historia. Yupo Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha mboga katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja. Utotoni mwake nyama, maziwa na mayai vilikuwa vikimdhuru, familia ikashauriwa ampishie visivyotoka kwa wanyama. Akakua kwa mboga za kienyeji za magharibi mwa Kenya. Alipofika chuo kikuu kusomea kilimo, aliona mboga zilezile zilizomlea zikihesabiwa miongoni mwa magugu. Angeweza kunyamaza. Badala yake alitumia miaka mingi kuzipima mnavu, mgagani, kunde na mchicha, kuonyesha wingi wa madini na vitamini zilizomo, na kuwasaidia wakulima kupata mbegu bora. Mboga ambazo zamani zilionewa haya leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Mzio wa mtoto mmoja umewafaa watu ambao hatawajua kamwe.

Jirani zetu wa Uganda nao wana mfano. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1960 ilianzishwa sehemu ya kutibu watoto wenye utapiamlo, ikaitwa Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na malezi mema ya mamake. Kinamama walikaa pale na watoto wao, wakawapikia kwa vyakula vilevile vinavyopatikana sokoni na shambani, wakawaona watoto wakinyanyuka kwa mikono yao wenyewe. Mama aliyeona hivyo hahitaji kushawishiwa tena, naye akirudi kijijini hutazamwa na wenzake. Darsa la nguvu zaidi ni mtoto anayecheza uani.

Lakini, wenzetu, hapa ndipo panapotaka hadhari, na ndiyo sababu hasa ya kuandika maneno haya. Aliyepona ana sauti kubwa kuliko elimu yake. Jumapili moja alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye kisukari cha utotoni, anayedungwa insulini kila siku. Alikuwa ameambiwa na muuza dawa za majani kwamba sindano ndizo zinazomdhoofisha mtoto, na kwamba akila kama alivyokula mavyaa wetu ataziacha. Alikuja kutuuliza kama ni kweli. Alikuwa amekwisha kupunguza dozi kwa siku mbili.

Tulinyamaza kidogo, kwa sababu tuliona namna hadithi yetu ilivyokuwa imesafiri bila vidonge vyake. Kisha tukamweleza. Kisukari cha mavyaa wetu ni cha watu wazima: mwili wake bado unatengeneza insulini ila haifanyi kazi ipasavyo, na chakula na mwendo huisaidia. Mwili wa mtoto huyu hautengenezi insulini ya kumtosha, na hakuna mboga wala juisi iwezayo kushika nafasi yake. Kabla ya Banting na Best kuigundua insulini huko Toronto mwaka 1921, watoto wa namna hii walikuwa wakilishwa kidogo kidogo, kwa kipimo kikali mno, na wakafa hata hivyo. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, ndiye aliyekuwa wa kwanza kudungwa, naye akaishi miaka mingine kumi na tatu. Wifi mmoja alitoka na mama yule jioni ileile wakampeleka mtoto hospitalini. Alikuwa amekwisha kuanza kutapika na kupumua kwa kasi. Alilazwa, akapona, na leo anasoma. Mara nyingi tunajiuliza ingekuwaje kama Jumapili ile mvua ingenyesha, mama yule akaona heri angoje wiki nyingine.

Tangu siku ile darsa letu lina masharti matatu, na tunamwomba kila anayefundisha lishe ayafikirie. Kwanza, hakuna anayeacha wala kupunguza dawa kwa neno letu. Hilo ni la daktari wake. Pili, hatuuzi kitu, wala unga, wala mafuta ya habasoda, kwa sababu anayeuza huona dawa yake katika kila ugonjwa. Tatu, tunasimulia habari nzima, pamoja na vidonge.

Ndani ya mipaka hiyo kuna mengi ya kufundishana. Tunawaambia kinamama wasichemshe mboga kwa magadi na kumwaga maji, kwani vitamini huondoka nayo. Wakamulie ndimu juu ya kunde ili mwili upokee madini ya chuma vizuri, na chai wainywe baadaye, si pamoja na chakula, maana huyazuia. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mwenye kisukari aende kwa daktari mapema, kabla ya kutia nia. Na sukari ikishuka chini ya 3.9 mchana afungue hapo hapo, asingoje adhana. Mola wetu amemruhusu mgonjwa kufungua, na kuikubali ruhusa yake ni ibada. Futari nayo si lazima iwe kaimati na viazi karai kila siku. Tende moja na maji, uji wa mawele, kisha pojo na mboga, humtosha mja kusimama katika tarawehe bila kusinzia.

Haya yote dini yetu ilitangulia kuyagusa. Qur'ani imetuhalalishia vizuri na ikatukataza israfu, na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Alituamrisha pia kujitibu. Mafundisho hayo yanakwenda pamoja, na mwalimu wa lishe anayeshika moja na kuacha jingine huwapunja wanaomsikiliza.

Basi mwenye mgonjwa ndani ya nyumba asione haya kuuliza, na aliyepata nafuu asifiche alichojifunza, ila akiseme kwa kipimo. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, abariki mikono ya madaktari na wauguzi wetu, amlipe Susu kheri kwa bakuli lake la pojo, na atufanye miongoni mwa wanaojua mpaka wa elimu yao. Amin.