Kamera ndani ya maji baridi ya Turiani

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshakolea Turiani, lakini maji ya kijito kinachoshuka kutoka Milima ya Nguru bado yalikuwa yanauma vidole. Msichana wa miaka kumi alichovya mguu, akautoa haraka huku akicheka. Mdogo wake wa miaka saba hakutaka hata kusogea. Baba yao alikuwa ameshafunga simu ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, ile mifuko ya kuning'iniza shingoni.

Walitoka Morogoro mjini alfajiri. Kutoka Magole hadi Turiani sasa ni lami, takriban kilomita 50, ukipita mpunga wa Mkindo kabla ya kuyakuta mashamba ya miwa ya Mtibwa. Wengi wetu tukisikia picha za chini ya maji tunawaza Mafia au Mnemba, matumbawe na bahari ya vuguvugu. Hapa hakuna hata mtungi wa hewa. Unalala kifudifudi juu ya jiwe, unazamisha simu hadi maji yafike kwenye kiwiko, kisha unangoja.

Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Ukitibua mchanga, kila kiumbe kinajificha. Msichana alipotaka kugeuza jiwe amtoe kaa, kijana mwenyeji aliyewaongoza alimzuia.

"Acha, mdogo wangu. Hiyo ni nyumba yake. Mngoje atoke."

Zilipita kama dakika kumi. Baba alibadilisha mkono mara mbili kwa ganzi. Aligundua pia kuwa kioo cha simu hakisikii kidole ndani ya maji, akaanza kupiga kwa kitufe cha sauti. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu, ya pili mapovu. Ya tatu ilinasa gando moja na macho mawili.

"Baba, macho yake yako kwenye vijiti!"

Kwenye mwamba uliolowa kando ya maporomoko, kijana aliwaonyesha viluwiluwi walioung'ang'ania kwa midomo. Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Nguru ni sehemu yake, ina vyura wa ajabu. Wapo hata wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai.

Kidimbwi chini ya maporomoko hakuingia mtu. Maji ya baridi hivyo humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila kutaka, na akiwa amezama anavuta maji. Kijana naye hakuacha kutazama mlimani. Mvua ikinyesha huko juu, kijito kinaweza kujaa huku chini mkiwa bado mnaota jua. Maji ya kasi yana adui mwingine pia: inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi huzaliana humo. Ndiyo maana walivaa mikono mirefu, ingawa mmoja ulikunjwa kwa ajili ya kamera.

Kasheshe ilikuja wakati wa kurudi. Waliposimama kununua miwa, yule mdogo aliyekataa maji ya baridi aliona watoto wenzake wakioga kwenye mfereji. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yametulia, majani yameota pembeni. Alishaanza kuvua viatu.

"Hapana. Vaa viatu, baba."

Baba huyo alikua akioga kwenye mfereji kama huo. Akiwa darasa la tano alianza kukojoa damu, na wavulana wenzake wakampongeza kwamba amebalehe. Ilikuwa kichocho.

Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, si mkondo wa kasi. Vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache, hasa mchana jua likiwa kali, wala havionekani kwa macho. Maji kuwa meupe si kinga. Mtoto aliyekwishaoga humo apelekwe kituo cha afya. Kipimo cha mkojo au choo huweza kukosa kitu wiki za mwanzo, kwa hiyo kirudiwe baada ya miezi miwili hadi mitatu hata kama mtoto anacheza vizuri. Dawa yake, praziquantel, ipo, na ndiyo hiyo watoto hugawiwa shuleni.

Mtoto alinuna hadi Mkindo. Hapo akaomba simu, amwone tena kaa.