Dada Yuko Masomoni

Dada alipolazwa Mirembe, mama aliwaambia majirani wa Butiama kwamba yuko Dodoma masomoni. Dodoma ilikuwa kweli.

Aliporudi nilimpokea stendi ya Bunda. Hakutaka nyumbani kwanza, tukaenda Musoma kwangu. Usiku nikamwekea This Way Up, tamthilia ya Uingereza ya 2019: Aine ametoka kutibiwa baada ya akili kuelemewa, dada yake Shona hambandui macho. Inachekesha, ndugu msomaji, lakini mimi nilikuwa nikimwibia dada jicho kila dakika.

“We mdogo wangu, tazama tivii. Mimi si sinema.”

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi, ndani ya basi la Butiama, akaniuliza: “Wakitaka kujua nimesomea nini, niseme nini?”