Jumapili za Miaka Mitatu

Ndugu msomaji, hesabu na mimi hatukuwahi kuelewana. Kidato cha nne zilinilaza chali, nikaapa nitaishi kwa maneno tu. Basi usishangae leo nikikuletea namba hii: 147,573,952,589,676,412,927.

Siku sita nauza nyanya gengeni kwa mama. Jumapili naandika riwaya. Mwezi uliopita muswada wangu ulirudishwa na mchapishaji, juu yake sentensi moja: "Hadithi haijasimama." Haijasimama wapi? Kimya. Nikafoka nyumba nzima. Mdogo wangu, yeye ndiye mtu wa hesabu, akacheka. "Kaka, mbona yaliikuta hata namba?" Akanisimulia.

Chukua 2, uzidishe kwa 2, tena kwa 2, mpaka zitimie 2 sitini na saba. Toa 1. Unapata namba ile. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja kuwa namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kuwa si tasa. Sasa inagawanyika kwa ngapi? Hapo hakuwa na jibu. Njia yake ilionyesha kwamba ufa upo, haikuonyesha uko wapi. Nikanyamaza. Si ndiyo sentensi yangu ile!

Jibu lilikuja Oktoba 1903, New York, kwenye mkutano wa wanahisabati. Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Upande mmoja akazidisha zile 2 zote, akatoa 1. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, watu wakampigia makofi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Mimi mbishi. Usiku ule nilivuta kaunta buku nikazidisha mwenyewe, mistari minane, sifuri nikairuka. Mara ya kwanza nikakosea. Ya pili ikajipa. Lisaa limoja tu! Kuhakiki lisaa, kutafuta miaka. Siku hizi kompyuta inavipata vigawo vile kufumba na kufumbua, lakini Cole alikuwa na kalamu yake tu, kama mimi.

Kuna jambo sijakwambia. Mama alikuwa anataka genge lifunguliwe hata Jumapili, na mimi nilishakubali. Kitabu si kimekataliwa? Asubuhi ile nikamwendea. "Mama, nivumilie. Jumapili niachie."

Akaguna. "Mpaka lini, mwanangu?"

Sikuthubutu kumtajia Cole. Nikaenda chumbani, nikafungua muswada ukurasa wa kwanza, nikaanza kuutafuta ufa.